Tahadhari: tumeuziwa poliesta kwa jina la "satini ya hariri"

Assalamu alaykum jamani. Nimekaa nalo hili wiki mbili nikiona haya kulisema, maana mwenyewe ndo najidai najua vitambaa. Lakini jana jirani kanionyesha ukurasa uleule wa mtandaoni ulioniuzia mimi, anataka kuagizia wanawe nguo za Sikukuu. Nikasema basi, bora nichekwe.

Niliagiza magauni sita ya sare kwa harusi ya mdogo wangu. Muuzaji yuko bara, anashona kwa vipimo na kutuma kwa boti. Nilipomuuliza kitambaa gani, akajibu: "Satini ya hariri, dada, orijino." 65,000 kila moja, jumla 390,000, na anataka zote kabla hajakata. Nikatuma.

Mzigo nimeupokea bandarini Malindi, hapa Unguja, siku tatu kabla ya harusi. Mshono hauna kasoro, hilo nalisema kwa haki. Msiba ni kitambaa: kinang'aa kama karatasi ya peremende, kinagandana na miguu, hakipitishi hewa. Na joto hili la kaskazi! Wasichana walirowa jasho chapa hata bibi harusi hajatolewa.

Nikampelekea fundi wangu wa Mchangani. Akachomoa nyuzi mbili penye pindo, akaziwasha kiberiti. Zikajikunja, zikayeyuka, ikabaki shanga nyeusi ngumu. "Poliesta hiyo, mwanangu." Hariri ingenuka kama nywele zinazoungua, na majivu yake hupukutika ukiyasaga kwa vidole. Pamba huwaka kama karatasi, ikaacha jivu laini la kijivu. Pamba iliyochanganywa na poliesta hukupa yote mawili, jivu na vichembe vigumu. (Chomea juu ya sahani, mbali na pazia. Msiniulize kwa nini.)

Kubwa alilonifunza ni hili: satini si aina ya uzi, ni namna ya kufuma. Inafumwa kwa hariri, na inafumwa kwa poliesta vilevile. Shifoni na krepe ndo hivyohivyo. Kwa hiyo anayekwambia "satini" tu bado hajakwambia kitu. Muulize uzi gani, na ajibu kwa maandishi.

Nilipomrudia muuzaji akanambia nguo iliyokatwa kwa vipimo hairudi. Na kweli, nani atanunua gauni lililokatwa kwa kiuno cha mwenziwe? Hapo ndipo anapotunasia. Mkasi ukishapita, huna la kumshika. Nikamtumia picha ya ile shanga, akanifungia namba.

Basi kabla ya mkasi, mwambie akutumie kipande cha kitambaa chenyewe, hata cha upana wa kiganja, nauli ya bahasha umlipie wewe. Akikataa, mwache. Pesa mpe nusu, nyingine ukishaiona nguo. Rangi pia usiiamini picha ya ndani yenye taa. Mwambie akipige nje mchana. Sisi tuliagiza zambarau, ikaja kama juisi ya ukwaju. Mimi sasa nanunua kitambaa mwenyewe Darajani, nikishike, nikikunje, kisha ndo nimtafute wa kushona.

Jina la ukurasa siliandiki hapa. Gauni langu nimelikata foronya mbili. Hata hizo zinateleza, asubuhi mto naukuta chini.