Futi 16 au futi 21? Nimevulia boti zote mbili hapa Luchelele, Mwanza

Boti yangu ya kwanza ilikuwa ya faiba, futi 16, na mashine ya Yamaha ya nguvu-farasi 15. Nilikaa nayo miaka miwili. Sasa nina mwezi wa saba na ya futi 21, mashine ya 40. Mimi si mvuvi wa kuuza. Navua kwa fimbo siku za mapumziko, nikimtafuta sangara, na nikirudi na sato sigombi. Kila nikishuka mwaloni, pale boti zinapotia nanga, kuna mtu ananiuliza kama zile futi tano zinastahili hela niliyoongeza. Na mimi humuuliza: huwa unarudi saa ngapi?

Maana asubuhi ghuba ya Mwanza inalala. Saa 12 unaweza kupita Capri Point, ile rasi ya mjini, hata kwa beseni. Mchana ndipo upepo unapoingia kutoka ziwani, na sisi tunaokaa kusini ya mji tunarudi nao mgongoni. Mawimbi yetu ni mafupi, yamesimama wima, moja halijaisha lingine limefika. Sasa boti ndogo inatumia mashine ya shafti fupi, yaani mguu wake unaoshuka majini ni mfupi, kwa hiyo ukuta wa nyuma inapofungwa umekatwa, una kimo cha inchi 15 tu. Wimbi likija kwa nyuma, mlango ni huo.

Siku moja mimi na shemeji tulikuwa tunarudi, tumeshaipita Capri Point, yeye kaacha chambo kinaburutwa. Fimbo ikapinda. Nikatoa gia. Akasimama upande wa kulia, na mimi kwa ujinga wangu nikasimama kulia hukohuko nimshikie wavu. Boti ikainama. Wimbi la kwanza lililowesha viatu. La pili lilijaza maji mpaka vifundoni, tenki la mafuta likaanza kuelea, na kopo la kuchotea maji likaelea hadi mbele kabisa, nisipoweza kulifikia. Nilimwaga wali wa mchana ziwani nikachota kwa hotpoti. Mshipi ukakatika, sangara akaenda zake. Shemeji hakusema neno mpaka tulipokanyaga mchanga, ndipo akasema: "Shemeji, Jumamosi ijayo mimi nina harusi." Hapakuwa na harusi yoyote.

Majaketi ya kujiokolea tulikuwa tumevaa. Mkoa uliozika watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996 na wa kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018 haufai kumwona mtu akikalia jaketi kama mto.

Basi nikaagiza kubwa. Hapa nina malalamiko. Fundi aliniambia futi 21, nikalipa ya futi 21. Siku ya kuichukua nikatoa tepu: zile 21 zinaanzia kwenye ncha ya mbele kabisa na kuishia nyuma ya kibao cha mashine. Sakafu unayoweza kusimama na kurusha mshipi ni futi 16 na kidogo. Hakunidanganya, ndivyo boti zinavyopimwa, lakini angeniambia. Kwenye ile ndogo sakafu ilikuwa futi 12. Ukienda kuagiza, pima ndani, halafu pima upana na kimo cha kuta kabla hujauliza urefu. Ndogo ilikuwa na upana wa futi tano, kubwa ina saba, na naamini zile mbili za upana zimenisaidia kuliko tano za urefu. Tukisimama watatu upande mmoja inainama kidogo, inatulia. Shafti yake ni ndefu, ukuta wa nyuma umepanda hadi inchi 20, na mbele ya mashine fundi ameweka kizuizi kingine. Tangu niichukue sijachota maji ya wimbi, ni ya mvua tu.

Mafuta ni habari nyingine. Safari iliyokuwa ikinila lita 10 sasa inakula 25, na nusu lita ya oili ya kuchanganyia.

Lakini kilichoniuma ni jambo ambalo sikulipigia hesabu. Mashine ya 15 ina kilo kama 36. Nilikuwa naibeba begani, naiweka nyuma ya gari, usiku inalala chumbani kwangu. Ya 40 ni ya watu wawili, inabaki imefungwa kwenye boti, kwa hiyo nina mlinzi wa kulipa kila mwezi. Ile ndogo niliisukuma mchangani na kijana mmoja. Hii inataka watu wanane, na watu wanane siku ya Jumatano jioni utawatoa wapi? Magugu yakijifunga kwenye parapela, ndogo nilikuwa nainua mashine na kuyang'oa kwa mkono dakika moja. Kubwa nanyanyua huku natukana.

Matokeo yake, zamani nilikuwa natoka kazini saa 10, saa 11 niko majini, navua karibu na mawe ya ufukweni mpaka giza. Pengine napata sangara mmoja, na akiwa chini ya sentimita 50 anarudi alikotoka, lakini nimevua. Sasa ni Jumamosi hadi Jumamosi, na lazima nipate wenzangu wa kuchangia mafuta.

Kama unataka kutoka nje ya ghuba, au unachukua watoto, usinunue futi 16 hata ukipewa kwa bei ya pikipiki. Kama ni wewe na mwenzako, jioni, mnaona taa za nyumbani, ya futi 21 itakutesa bure.

Ile ndogo nilimuuzia shemeji, yule wa harusi. Haendi nayo mbali na mawe. Jumatano iliyopita, saa 10 na nusu, nilikuwa mlangoni kwake nimeshaitundika mashine yake begani, namuuliza oili kaiweka wapi.