Dalali wa Wete aliyetukatia bei ya nyumba ya mzee

Miezi minane nyumba ya marehemu baba, nje kidogo ya Konde, Pemba, ilikaa sokoni kwa milioni 45. Waliokuja kuitazama walikunywa madafu, wakasifu upepo, wakaenda zao. Bei ile aliitoa kaka yangu aliyeko Dar, kwa kukisia nyumba aliyoiona inauzwa Fumba, kule Unguja. Mimi niko Mwanakwerekwe, wala sikumpinga.

Shangazi ndiye aliyetupa nambari ya dalali mmoja wa Wete. Tuliahidiana saa mbili, akaja saa nne bila hata ya kuomba radhi. Lakini kazi anaijua. Hakuanza na vyumba. Alitembea kwanza kutoka barabara ya lami mpaka mlangoni petu akihesabu hatua, akafungua bomba (likakoroma tu), kisha akatoa ufunguo wa pikipiki akaukwaruza ukuta wa uani. Plasta ikamwagika kama unga wa muhogo.

"Mchanga wa pwani huu, dada. Mtu akiugusa tu, milioni tano zishaondoka."

Akaenda kwenye mikarafuu. Sisi tukijisifu tuna kumi na nane. Yeye alihesabu saba inayozaa, mingine kuni. Bei yake: milioni 28. Kaka alikata simu.

"Hapa hakuna hoteli," dalali akaniambia. "Atakayenunua ni mtu wa hapa hapa, au Mpemba wa Tanga anayetaka pa kufikia sikukuu. Na wote wanaogopa kesi."

Ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali, kwa hiyo mnunuzi anataka kujua hiyo haki ya kuitumia anapewa na nani hasa. Dalali alikataa kuleta mtu mpaka tuwe na karatasi za mirathi kutoka Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na sote warithi wanne tukubali mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Sisi hata faili hatujafungua! Sasa naamini nusu ya wale wanywa madafu walikimbia hilo, si milioni 45.

Tena akatuzuia tusitangaze mpaka watu wapeleke karafuu zao ZSTC, shirika la Serikali linalozinunua, walipwe. Tukangoja. Ilipotoka kwa 28, wiki ya tano ikachukuliwa na mwalimu wa skuli kwa 26 na nusu.

Lawama ninayo. Udalali tulikubaliana asilimia tano, kwa mdomo. Siku ya malipo akazusha "nauli" ya safari sita, laki na nusu, na pikipiki ni yake mwenyewe. Tulibishana barazani mpaka adhuhuri, nikampa laki moja. Na picha alizopiga ni aibu, moja ina kidole chake nusu nzima.

Nyota nne. Kiwanja cha mama cha Mtambwe nitampa yeye yeye, ila nauli tutaiandika kabla hajawasha pikipiki.