Hosteli ya kanisa ninayolala Dodoma, na fomu ya kazi ya jikoni

Kila mwezi nashuka Dodoma mara mbili kutoka Kondoa, naleta asali na mafuta ya alizeti kwa wateja wangu wa Majengo na Sabasaba. Tangu 2017 nalala hosteli moja ya kanisa. Jina silitaji, maana nina jambo nao na bado nawaheshimu.

Nianze na haki yao. Chumba ni 25,000 pamoja na chai ya asubuhi, shuka zinanukia jua, neti haina tundu. Maji ya mgao mnayajua wenyewe. Wao wana matanki mawili na ndoo ya chooni sijawahi kuikuta tupu. Siku yangu ya kwanza dada wa mapokezi aliniona nimesimama na mswala mkononi, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, kibla. Akaenda kumuuliza mlinzi, akarudi na penseli, akachora mshale mdogo nyuma ya mlango. Mshale huo upo mpaka leo. Ramadhani mpishi huniachia chupa ya chai na chapati mbili kabla hajaenda kulala, nipate daku. Ijumaa kuna ugali wa uwele na mlenda, na mlenda wao haujakorogwa ovyo, unavutika hasa.

Sasa fomu. Mwaka huu walibandika tangazo ukutani karibu na kantini: anahitajika mpishi mmoja. Binti wa dada yangu ana cheti cha mapishi cha VETA, na tayari alikuwa anakaa kwa shangazi yake Chang'ombe. Nikamwita mbio. Fomu ilikuwa ukurasa mmoja tu. Jina, umri, elimu, uzoefu, halafu "Dhehebu", na chini yake "Ambatisha barua ya mchungaji wako". Binti akaandika Mwislamu, pa barua akapaacha wazi.

Mama meneja aliisoma taratibu, akaikunja, akamrudishia kwa mikono miwili. Akanigeukia: "Mzee wangu, nisamehe. Ni utaratibu wa kanisa. Lakini akianza kusali na sisi, akapitia mafundisho, mchungaji atamwandikia barua." Alisema kwa upole wa kweli, nadhani aliona ananisaidia. Tulipofika getini binti akasema, "Mjomba, yaani nibadili dini ndiyo nikaange vitumbua?" Sikuwa na la kumjibu.

Usiku ule nilikula na mgeni mmoja wakili, nikamweleza. Hakuchukua upande haraka. Alisema Katiba yetu, ibara ya 19, inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na ibara ya 20 inawapa watu uhuru wa kukutana na kuunda vyama vyao. Kwa hiyo kanisa lina haki ya kuchagua nani awe mchungaji wake. Lakini ibara hiyohiyo ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama au shirika lolote. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua kwa dini, na hapo mwombaji wa kazi anahesabiwa kama mwajiriwa. Kinachoruhusiwa ni kutofautisha watu kwa jambo ambalo kazi yenyewe inalidai. Akanitajia Marekani, ambako sheria yao inayasamehe mashirika ya dini: mwaka 1987 Mahakama ya Juu ilikubali kanisa la Mormon limfukuze fundi wa jengo lao la mazoezi, aliyefanya kazi miaka 16, kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuingia hekaluni. Yeye wakili aliona ile hukumu imekwenda mbali mno. Nami naona hivyo.

Maana tazameni kantini hiyohiyo. Nyama inaletwa na bodaboda alfajiri, na mama meneja mwenyewe ndiye huniambia, "Kula bila wasiwasi mzee, imechinjwa na watu wenu." Mchinjaji anatakiwa awe Mwislamu kwa sababu kisu kile kina masharti yake, ndipo wageni wote wale sahani moja. Mhubiri wao awe Mkristo, hilo halina mjadala. Na sisi madrasa yetu hatuwezi kumpa ustadhi asiyeswali. Ila nyama ikishaingia sufuriani, imani ya anayekoroga inaongeza nini kwenye mchuzi? Wateja wenyewe ni madereva, wanafunzi, watumishi wa Mji wa Serikali kule Mtumba, na hela yangu Mwislamu wanaipokea pale kaunta siku zote bila kuniuliza barua.

Hili limenigusa na kwetu pia. Msikiti wetu una fremu nne za biashara, na mlinzi wake miaka yote tumemtafuta Mwislamu tu. Nimelisema kwenye kikao cha kamati mwezi uliopita. Wazee wawili walinuna, wengine wakasema tulitazame.

Nimemrudia mama meneja, nikamwachia barua ya ukurasa mmoja kwa bodi yao. Sikumtishia kesi. Nimeomba kipengele cha dhehebu kibaki kwenye fomu za wahudumu wa kiroho, kiondoke kwenye za jikoni, usafi na ulinzi. Aliisoma yote mbele yangu, akasema ataifikisha. Binti sasa anapika kwa mama ntilie mmoja Sabasaba, kwa mshahara mdogo kuliko ule.

Usafi na ukarimu nawapa nyota tano. Ajira nawapa moja, mpaka bodi ijibu. Bado nalala pale. Ukienda, omba vyumba vya nyuma, vya mbele vina kelele za bodaboda, na Bunge la bajeti likianza Aprili piga simu wiki moja kabla.