Tarangire na Ngorongoro Ukiwa na Mtoto: Tathmini ya Safari ya Familia

Kampuni nyingi za utalii za Arusha huiuzia familia ratiba ileile zinayowauzia watu wazima: Tarangire, kisha Ngorongoro, na kwa mwenye uwezo zaidi, Serengeti. Sisi tulinunua ratiba ya namna hiyo bila Serengeti, tukasafiri na binti yetu wa miaka saba katika likizo fupi ya Septemba, nami ninaitathmini hapa kwa kipimo kimoja tu, yaani kile ambacho mtoto alikiona, akakielewa na kukifurahia. Kwa kipimo hicho Tarangire imeishinda Ngorongoro kwa mbali, na mwongozaji wetu ameishinda kampuni iliyomwajiri.

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ilianzishwa mwaka 1970 na ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,850, lakini wakati wa kiangazi huna haja ya kuizunguka yote. Vidimbwi vya mbali vikishakauka, wanyama huufuata Mto Tarangire, na gari likisimama mahali pazuri kando ya mto, wao ndio wanaopita mbele ya mtoto. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mtoto wa umri huo huchoshwa zaidi na kuendeshwa huku na huku bila kujua anapelekwa wapi kuliko kukaa mahali pamoja penye kitu cha kutazama. Tulisimama muda mrefu juu ya sehemu ya mto iliyobaki mchanga mtupu, tukaangalia familia ya tembo ikichimba maji. Jike mkubwa aliukwangua mchanga kwa mguu wa mbele, akaumalizia kuuondoa kwa mkonga, akangoja maji yajikusanye shimoni ndipo akanywa, na wengine wakasubiri zamu yao. Ndama mmoja hakusubiri. Alijipenyeza kati ya miguu ya mama yake, akapiga magoti na kunywa kwa mdomo. Binti yangu akauliza kwa nini hatumii mkonga. Mwongozaji alimweleza kwamba ndama huzaliwa hajui kuutumia, kwamba hujifunza kwa miezi mingi akiwatazama wakubwa wake, na kwamba kabla ya hapo mama yake alimbeba tumboni kwa miezi 22. Jibu hilo lilizaa maswali mengine mengi, na mwongozaji hakutuhimiza hata mara moja tuondoke.

Ninataka kumsifu mwongozaji huyu kwa undani, kwa kuwa yeye ndiye huduma yenyewe tuliyoilipia. Asubuhi ya kwanza binti yangu alipomwambia, "Shikamoo anko," aliitikia, "Marahaba mwanangu, leo tunafanya kazi wote," kisha akamkabidhi upande wa kushoto wa barabara autazame, akimfundisha kutafuta sikio au mkia badala ya kutafuta mnyama mzima. Kabla hatujakutana na tembo wa karibu, alimweleza kwamba tembo akitanua masikio na kuinua kichwa, watu wote garini hunyamaza. Kwa hiyo jike mmoja mwenye mtoto alipoligeukia gari letu, akatanua masikio na kupiga mbinja kali, binti yangu aliushika mkono wangu kwa nguvu lakini hakutoa sauti. Gari lilirudi nyuma polepole, yule jike akaendelea na majani yake, na mtoto akaelezwa kwamba lile lilikuwa onyo la mzazi na kwamba tulikuwa tumelitii. Nimewahi kuona waongozaji wakisogeza gari mbele katika hali kama hiyo ili abiria wapate picha, na sioni jinsi mzazi anavyoweza kuvumilia jambo hilo.

Ubora wake mwingine ulikuwa kutowadharau wanyama wadogo. Ratiba ya kampuni ilitaja simba, chui, nyati, tembo na faru, kana kwamba wengine ni mapambo ya njiani, ilhali mtoto alipata furaha yake kubwa kwa ngiri waliokuwa wakila wamepiga magoti, wakakimbia mkia ukiwa wima, na kwa nguchiro waliokuwa wakichungulia kutoka matundu ya kichuguu kilichohamwa na mchwa. Kwa nguchiro hao tulizima injini. Walirudi nje mmoja baada ya mwingine hadi kichuguu kikajaa, na hapakuwa na gari jingine lililosimama, kwa sababu magari yote yalikuwa yanakimbilia habari za chui.

Tahadhari moja kuhusu Tarangire: katika eneo la mapumziko la Matete, lililo juu ya mto, tumbili wamezoea watu na wana kasi ya ajabu. Mmoja alichukua yai kutoka mkononi mwa binti yangu, akamwachia kilio. Mtoto mdogo ni afadhali ale chakula ndani ya gari lililofungwa madirisha. Vilevile asivishwe nguo za buluu iliyokolea wala nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwavutia mbung'o, ambao kuumwa kwao kunamuudhi mtoto kuliko mtu mzima.

Kreta ya Ngorongoro, yaani bonde la mviringo lililoachwa na volkano ya kale, ni fahari ya nchi, na hakuna nililosema linaloipunguzia hadhi hiyo: sakafu yake ina kilomita za mraba zipatazo 260, iko mita 600 hivi chini ya ukingo, na imejaa nyumbu, pundamilia, nyati na fisi mwaka mzima. Hata hivyo, uzuri wake mkubwa ni wa upeo, na upeo ni furaha ya watu wazima. Faru mweusi, ambaye mimi na mume wangu tulimtazama kwa mshangao wa kweli, kwa mtoto alikuwa doa jeusi ndani ya darubini, kwani magari hayaruhusiwi kuacha barabara, na ndivyo inavyopasa. Aliulizia twiga, akaambiwa kwamba kretani hawamo, kwa sababu kingo zina mteremko mkali na miti ya kuwalisha ni michache. Aliulizia ndama wa tembo, akaambiwa kwamba wanaoonekana sana huko chini ni madume makubwa, na familia zenye watoto hukaa zaidi juu msituni. Viboko wa Ngoitokitok, penye chemchemi na eneo la mapumziko humo kretani, ndio waliomchangamsha tena, ingawa hata hapo tulilazimika kula garini kwa kuwahofia mwewe, ambao hunyakua chakula mkononi.

Huko kretani tuliwakuta simba wakimla pundamilia karibu na barabara. Mwongozaji alimwuliza mtoto kwanza, si sisi, kama angependa kutazama au tuendelee na njia. Alichagua kubaki, akatazama kwa kuchungulia katikati ya vidole, kisha akauliza kama yule pundamilia alikuwa na watoto. "Huenda alikuwa nao," alijibiwa, na sikusikia neno la kulainisha. Ninaamini jibu lile lilikuwa sahihi.

Kampuni yenyewe siwezi kuisifu kiasi hicho. Iliahidi kiti cha kumwinua mtoto ili aone dirishani, na siku ya safari hakikuwapo, hivyo alikalia mifuko yetu. Darubini ilikuwa moja kwa watu wote. Boksi la chakula la mtoto lilikuwa sawa na letu, na nusu yake lilirudi bila kuguswa. Kosa zito zaidi ni ratiba ya kushuka kretani alfajiri: ukingo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, baridi ya asubuhi ni kali, na mtoto aliyeamshwa gizani alilala saa zilezile ambazo wanyama walikuwa wanatembea. Malalamiko hayo nimeyapeleka ofisini kwao, nao wameyapokea kwa adabu.

Mwenye siku chache na mtoto wa umri huu ningemshauri aiondoe kreta, ambayo pia hulipiwa ada ya pekee kwa kila gari linaloshuka, na fedha hiyo aitumie kulala usiku mmoja zaidi karibu na Tarangire. Watoto walio chini ya miaka 5 hawatozwi kiingilio cha hifadhi, lakini nafuu hiyo isiwe sababu ya kuharakisha, kwa kuwa saa nyingi za kukaa garini bila ruhusa ya kushuka, hata kwa haja ndogo, isipokuwa mahali palipotengwa, ni ngumu kwa mtoto mdogo kuliko huyu wetu. Kabla ya kulipa, omba kuzungumza kwa simu na mwongozaji mwenyewe, umwulize amewahi kusafiri na watoto wa umri gani, na uandikiwe kiti cha mtoto katika mkataba.