Nyota tatu kwa nyumba ya wageni Shimba Hills, na moja kati yake ni ya mpishi

Nawapa tatu. Zingekuwa mbili, lakini jikoni kwao kuna mama mmoja ambaye nyota ya tatu ni yake peke yake, na mwenye nyumba asijigambe nayo.

Jina la mahali silitaji kwa sababu kuna mambo ya pesa hayajaisha baina yetu. Ni Shimba Hills, ukishaupita mji wa Kwale. Tulikwenda wikendi ya mwisho ya likizo ya Aprili, mimi, kaka yangu na mkewe, watoto watatu, na Baba. Baba husafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu na Alhamisi. Safari yetu basi haiwezi kupita lile pengo la Alhamisi hadi Jumatatu, na ndilo pengo wauguzi wanalotuonya nalo siku zote, maana maji anayokunywa siku hizo hukaa mwilini yakiingoja mashine. Kipimo chake ni lita moja kwa siku, chai na mchuzi zikihesabiwa humo humo. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kutoka. Alisema amechoka kutazama dari mbili tu, ya nyumbani Mikindani na ya hospitali.

Njia haina neno. Siku hizi kwa barabara ya Dongo Kundu unatoka Mombasa ukatokea upande wa pili bila kuiona feri ya Likoni, na kwa mtu mwenye mgonjwa garini hilo peke yake ni la kushukuru Mungu. Kombani tukakata kulia, tukaanza kupanda, na mvua ikatupokea kabla hatujafika Kwale.

Sasa kosa la kwanza. Kwenye simu niliuliza mara mbili: kuna ngazi? Nikaambiwa hakuna, chumba kiko chini kabisa. Na kweli, chumba hakina ngazi. Ngazi ziko nje. Kutoka pa kuegesha gari hadi mlangoni ni vidato tisa vya udongo mwekundu vilivyokingwa kwa magogo, na siku ile vilikuwa vinateleza kama sabuni. Vijana wawili wa pale wakaja na kiti cha plastiki wambebe mzee. Baba akawatazama. Miaka 31 alifanya kazi bandarini Kilindini, akipanda juu ya makontena kufunga na kufungua vyuma. "Mimi nimepanda meli kwa ngazi ya kamba," akasema, "leo nibebwe kama bibi harusi?" Akashuka kidato cha kwanza kwa bakora yake. Cha pili mguu ukamtoka, kaka akamdaka kwa shati, kifungo kikaruka. Hakuna aliyesema kitu. Baba akakaa mwenyewe kwenye kile kiti, uso kaugeuza kando, akabebwa.

Ukiwa na mgonjwa, usiulize habari ya ngazi. Omba wakupigie picha ya njia yote, kutoka mlango wa gari hadi kitandani, na nyingine ya choo.

Vyumba tulichukua viwili, shilingi 4,500 kila kimoja kwa usiku. Vitanda vizuri, vyandarua vizima, shuka zinanukia jua ingawa jua lenyewe sijui walilipata wapi wiki ile. Paa ni la makuti. Kwa mchana ni raha tupu, mvua huisikii ikipiga kelele kama kwenye mabati, inanong'ona tu. Lakini chumba cha Baba kilivuja pembeni, karibu na kichwa cha kitanda. Nilipolalamika nikaletewa ndoo. Ndoo! Mtu amekatazwa maji, ulimi umekauka, anasukutua na kutema, kisha unamlaza kando ya ndoo inayojaa tone kwa tone usiku kucha. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, nimehesabu hadi mia sita nikaacha. Nilikuwa namwonea ndoo wivu." Tukacheka, lakini tukabadilishana vyumba.

Jikoni ndiko penye hadithi. Mpishi ni mama wa Kidigo, mtu mzima, sauti ya chini. Tulipofika alikuwa keshapanga madafu saba mezani, makaribisho ya nyumba. Nikamweleza pembeni kwamba Baba haruhusiwi dafu, wala chungwa, wala ndizi mbivu, kwa sababu yana potasiamu nyingi na figo zake haziwezi kuitoa, ikizidi inagusa moyo. Wapishi wengi ukiwaambia hivyo wanaitikia tu, kisha wanaleta walivyozoea. Huyu alikaa chini akaanza kuniuliza. Mihogo? Hapana. Viazi? Vikimenywa, vikikatwa vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi, maji yakamwagwa, vikachemshwa tena kwa maji mapya, anaweza kula kidogo. Nyanya? Kidogo sana. Tui? Bora aepuke. Chumvi? Usimwonyeshe. Akanyamaza, akasema, "Basi mwanangu, nitatumia ndimu na pilipili manga, na kitunguu nitakikaanga mpaka kiwe chekundu. Mzee hatajua kama hakuna kitu."

Alijua, lakini alikula. Wali mweupe, kabeji, kipande cha kuku cha ukubwa wa kiganja, na mwisho nanasi, vipande viwili vyembamba, kwa sababu nanasi ni katika matunda machache anayoruhusiwa. Na yale madafu mama yule aliyaondoa mezani yote, hata ya watoto. Wakanywea jikoni, wamesimama, babu yao asiwaone. Mimi hilo sikumwomba.

Usiku wa Jumamosi umeme ukakatika. Jenereta ipo kwenye tangazo lao, pale hatukuisikia. Mpwa wangu wa miaka minane aliogopa ngurumo, akaja kulala kwetu, na Baba akamwita ampe mkono. Kwenye mkono wake wa kushoto kuna mshipa uliounganishwa na madaktari kwa ajili ya mashine, na ukiuwekea kidole unatetema, vrrr, muda wote, kama simu iliyofunikwa na mto. Ni lazima uguswe kila siku kujua kwamba haujaziba. "Hii ndiyo jenereta yetu," akamwambia mtoto. Akalala kashika hapo.

Mbugani hatukuingia, magari yalikuwa yanakwama. Mkija kwa ajili ya palahala, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma, ambao Kenya nzima wamebaki Shimba Hills tu, njooni kukiwa kikavu. Sisi tuliona ukungu, kuku wa jirani, na Jumapili asubuhi, kwa muda kama wa dakika ishirini, bahari. Baba akanyoosha bakora: meli ile ya makontena, imekaa juu, haina mzigo. Mimi niliona doa.

Kwenye malipo nikaomba wapunguze kwa kile chumba kilichovuja. Meneja, kijana mpole, akakubali shilingi 1,500, akasema mwenye nyumba atazituma kwa M-Pesa Jumanne.

Jumatatu kwenye mizani ya hospitali Baba alikuwa ameongeza kilo mbili kasoro za maji, pungufu ya wikendi zake za nyumbani. Muuguzi akauliza alikula wapi. Jumanne pesa hazikuingia. Leo ni Ijumaa ya pili. Zikiingia nitakuja hapa kusema, lakini nyota zitabaki tatu mpaka vile vidato vitiwe saruji.