Joy Division au Gang of Four: mpiga besi ajifunze kwa nani?
Kwa mpiga besi kama mimi, bendi za Uingereza zilizofuata wimbi la panki, yaani roki ya kasi na ghadhabu, hunirudisha kila mara kwa hizi mbili, ambazo zote zilitoa albamu ya kwanza mwaka 1979. Katika Joy Division, Peter Hook alipiga besi juu kwenye shingo ya gitaa, akaifanya ibebe melodi, huku prodyuza Martin Hannett akizizungushia ngoma mwangwi hadi zikasikika kana kwamba zinapigwa ndani ya ghala tupu. Gang of Four ya Leeds haikutaka mwangwi huo: gitaa la Andy Gill ni kavu, hukata na kunyamaza ghafla, na besi ya Dave Allen hushika mdundo wa fanki, hivyo msikilizaji anacheza huku akisemwa kuhusu ununuzi na mapenzi.

Joy Division imeigwa zaidi, tena kupita kiasi kwa maoni yangu, kwa kuwa huzuni ya mwimbaji wao Ian Curtis, aliyefariki mwaka 1980, huigika kwa urahisi kuliko nidhamu ya wenzake. Gill, kwa upande wake, alitayarisha albamu ya kwanza ya bendi ya Marekani Red Hot Chili Peppers mwaka 1984. Mwanafunzi ningemwanzishia Gang of Four, kwani pale ukichelewa nusu ya pigo, hakuna mwangwi wa kukusitiri.