Riwaya za Ukerewe: anzia Kichwamaji, Rosa Mistika ifuate

Ukiulizia riwaya ya mwandishi wa huku kwetu kwenye meza za vitabu vya mitumba katikati ya jiji la Mwanza, utakachoshikishwa kwanza ni Rosa Mistika. Sababu inajulikana: kitabu kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na marufuku huuza kuliko tangazo. Ni riwaya nzuri, lakini anayeanza nayo mara nyingi huishia hapo hapo, akidhani mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, ni mtu wa visa vya mabinti walioharibikiwa tu. Basi anza na Kichwamaji.

Kichwamaji ilitoka mwaka 1974. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliye likizo, yuko nje ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, amekuja kutafuta kazi ya muda. Mkuu mwenyewe ni Manase, mtu wanayefahamiana tangu utotoni, lakini kufahamiana hakumpunguzii foleni. Anakalishwa, anaangalia wanaoingia na wanaopitishwa mbele yake. Aliyewahi kukalia benchi la ofisi ya serikali na bahasha ya kaki mkononi hahitaji kuelezwa zaidi. Kezilahabi hapandishi sauti hata kidogo. Anaacha muda upite, na chuki inaota yenyewe pale kwenye benchi.

Kuanzia hapo kitabu kinakwenda Ukerewe, na mambo yanazidi kuwa mazito. Manase amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na nyumba nzima inalipa. Kazimoto anataka kulipiza kisasi, halafu anaishia kumwoa Sabina, dada yake huyo huyo Manase. Mwisho wake hatuuandiki hapa, ila usikisome usiku ule ambao kesho yake una mtihani.

Jambo la kuzingatia unapokisoma: msimuliaji ni Kazimoto mwenyewe, kwa hiyo usimwamini moja kwa moja. Anawacheka wanakijiji, anawapima wazee, anajiona ameona mbali, lakini hatua zake mwenyewe zimekosa dira kuliko za hao anaowacheka. Walimu hukiita kitabu hiki riwaya ya udhanaishi, yaani falsafa inayohoji maana ya kuishi, nao hawajakosea, ila ukiingia nacho ukitafuta falsafa tu utaruka mambo madogo yanayoibeba. Kasoro yake iko katikati: yapo mazungumzo ya wasomi juu ya Mungu na maana ya maisha ambayo yanasikika kama semina, kila mmoja anasubiri zamu yake ya kusema. Na Rukia hakupewa nafasi ya kutosha kabla hajageuzwa sababu ya ugomvi wa wanaume wawili. Hilo ni pungufu kubwa kwa mwandishi ambaye miaka mitatu tu nyuma alikuwa amempa binti kitabu kizima.

Sasa ndiyo uchukue Rosa Mistika, ya mwaka 1971. Namagondo, kijiji alikozaliwa Kezilahabi mwaka 1944, ndipo nyumbani kwa Rosa. Baba yake, Zakaria, ni mlevi anayelinda mabinti zake kwa fimbo. Anakamata barua ya mvulana, anampiga Rosa, na tangu siku hiyo Rosa anaogopa wanaume kuliko anavyoogopa dhambi. Halafu anakwenda kusoma mbali na nyumbani, kamba inakatika. Miongozo ya mitihani hupenda kuisoma riwaya hii kama onyo kwa wasichana. Soma tena kurasa za Zakaria, kisha angalia watu wazima wenye vyeo wanaomzunguka Rosa huko masomoni, utaona kidole cha mwandishi kimeelekezwa wapi. Udhaifu ni haraka: mambo ambayo yangehitaji sura nzima yanapita kwa sentensi mbili, na sehemu ya mwisho inahama kabisa duniani kwenda kwenye hukumu. Wengine humaliza wamekasirika. Kama umeshasoma Kichwamaji, hukumu hiyo haikushtui, kwa sababu unajua mwandishi huyu hana imani na majibu mepesi.

Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zisomwe kwa kufuatana, kwa kuwa zote zinaushika ujamaa kwenye kidonda. Ya pili, yenye vijana wasomi Mambosasa na Mamboleo na kadhia ya kuwahamishia watu vijijini, ndiyo tunayoipendekeza zaidi kwa anayetaka kuelewa kwa nini wazee wengine wakisikia neno operesheni hubadilisha mazungumzo. Nagona na Mzingile, za miaka ya 1990 na 1991, ni vijitabu vyembamba vinavyodanganya kwa wembamba wao. Ndani hakuna kisa cha kufuata kwa mstari, kuna safari, alama na maswali. Zisome mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza usiandike chochote pembeni. Aliyezichukua kwanza kwa sababu ni fupi ndiye yule anayekwambia Kezilahabi hasomeki.

Lakini kitabu kikubwa kuliko vyote vilivyotoka kisiwani, kwa uzito na kwa thamani, si cha Kezilahabi. Ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali cha Aniceti Kitereza. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakikupata mchapishaji, mwishowe akakitia mwenyewe katika Kiswahili. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981. Kwa hiyo ukisoma toleo la Kiswahili unamsoma Kitereza mwenyewe, si mkalimani wake.

Kisa ni chepesi kusimulia: mume na mke wanapendana, mtoto hakuna, ndugu wa mume wanasema maneno, wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Myombekere anamfuata mkewe ukweni, na wakwe hawamrudishi bure: anatakiwa kulipa kwa pombe ya ndizi. Hapo ndipo wasomaji wengi hukwama, na hapo ndipo utamu ulipo. Kitereza hasemi tu kwamba pombe ilipikwa ikapelekwa. Anakushikisha kazi: ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa, nafaka inatiwa, majirani wanaitwa, na ukiangalia nani amekuja kusaidia na nani hakuja unapata hesabu kamili ya mahusiano ya Myombekere pale kijijini. Kazi ndiyo kisa. Anayeruka kurasa hizo ili afike kwenye "tukio" hataelewa kwa nini wakwe wanalegea.

Kina kurasa zaidi ya 600, kwa hiyo kipangie. Kurasa 15 hadi 20 kwa siku zinatosha; ukizidisha, salamu na taratibu za ukweni zinaanza kufanana. Andika majina ya watu kwenye karatasi na uhusiano wao, maana mtu anaweza kutajwa, akapotea muda mrefu, kisha akarudi kana kwamba hukuwahi kumsahau. Sentensi zake ni ndefu na hurudia jambo; zisome kwa sauti ya chini, zinakaa sawa mdomoni kuliko machoni. Sehemu ya watoto, Ntulanalwo na Bulihwali, imelegea kidogo ukilinganisha na ile ya wazazi, na hapo waweza kwenda kasi bila kupoteza kitu.

Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, ndiye aliyekitoa kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 2002, akitafsiri kutoka Kikerewe. Riwaya yake mwenyewe, Miradi Bubu ya Wazalendo (1992), ni kali na ya kisiasa, ya wadogo wanaotumika na wakubwa wanaoneemeka. Inafaa kwa aliyemaliza Gamba la Nyoka akataka zaidi. Hasira yake iko wazi mno kwa ladha yetu, lakini haichoshi.

Kuhusu kununua. Kwanza soma jalada vizuri, kwa sababu mwongozo wa riwaya huwekwa meza moja na riwaya yenyewe, na jina kubwa juu ni lile lile. Neno "uchambuzi" au "mwongozo" limeandikwa kwa herufi ndogo. Pili, kitabu cha kiwandani hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, kwa hiyo zikikosekana hukosekana nyingi kwa pamoja, au fungu moja limerudiwa mara mbili. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa kila baada ya 16 kabla hujatoa hela. Tatu, pinda kidogo mgongo wa kitabu: gundi kavu inayolia itaachia kurasa kabla hujafika nusu, na kwa Kitereza hiyo ni hasara kubwa. Nusa pia. Unyevu wa ziwani huleta kuvu, na kitabu chenye kuvu huambukiza vingine kwenye rafu.

Kama unakwenda nacho Nansio, mji wa Ukerewe, kwa meli, kifunge kwenye mfuko wa nailoni. Rosa Mistika inatosha kwa kwenda na kurudi. Kitereza mwache nyumbani, ni mzito kwa mkono mmoja. Na ukiuziwa fotokopi, angalia ukingo wa kulia kwenye kurasa za katikati. Kitabu kinene kikibanwa kwenye mashine, herufi za mwisho wa mstari humezwa na kivuli, na muuzaji atakwambia utazoea.